Mpiga Piano wa Sinema Bubu

Arnold alifika Doha mwaka 2009 akiwa mmoja wa watatu. Yeye alipiga kinanda, Job alipiga gitaa la besi, na Cheryl aliimba. Hoteli moja ya West Bay iliwaajiri wapige muziki kwenye mgahawa wake wa juu, na kwa mkataba mzima kazi ilikwenda vizuri. Walikaa kwenye nyumba za wafanyakazi kule Al Rayyan, wakipanda basi moja kwenda na kurudi, na Arnold na Cheryl walikuwa wamekubaliana kwamba mkataba ukiisha wangerudi Kakamega wafunge ndoa. Mkataba ulipoisha, Cheryl na Job walipata kazi Dubai. Waliitafuta wawili, wakaipata wawili. Cheryl alimpa Arnold habari hiyo ndani ya basi la wafanyakazi, watu wamejaa pande zote, na Arnold hakuweza kufanya lolote ila kuitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia.

Hoteli ilimbakiza. Kwenye ukumbi wa mapokezi palikuwa na piano kubwa nyeusi, na meneja alimtaka aipige kuanzia jioni mpaka wageni wapungue.

"Usipige kwa nguvu," alimwambia. "Hapa watu wanazungumza biashara. Muziki wako uwe kama kiyoyozi. Mtu aujue pale tu unapozimwa."

Arnold akapiga kama kiyoyozi. Kule mgahawani watu walikuwa wakipiga makofi, hata kama ni kwa uvivu. Hapa chini hakuna aliyepiga. Siku moja alirudia wimbo uleule mara kadhaa makusudi, aone kama kuna atakayegeuza kichwa. Hakuna aliyegeuza. Wafanyakazi wa mapokezi walimsalimia akiingia na kumuaga akitoka, na katikati ya salamu hizo mbili aliweza kukaa bila kutamka neno. Akirudi Al Rayyan aliwakuta wenzake wa chumba wamelala au wamekwenda zamu. Mmoja tu ndiye aliyekuwa mtu wa mazungumzo, Shabani, dereva kutoka Tanga, na huyo naye alionekana mara moja moja.

Ili asipooze akili, Arnold alijitungia mchezo. Aliwapiga watu. Mzee mnene akikatiza ukumbi kwa haraka, mkono wa kushoto ulimfuata kwa hatua zake nzito. Mwanamke wa viatu virefu akipita, mkono wa kulia ulidonoa pamoja na visigino vyake. Mbeba mizigo akisukuma kitoroli chenye gurudumu bovu, piano ilichechemea. Aliyafanya haya chini chini, ndani ya nyimbo zilezile za kila siku, na kwa muda mrefu hakuna aliyegundua.

Aliyegundua alikuwa mwanamke wa Kilebanoni mwenye mvi zilizokatwa fupi, aliyekuwa akimsubiri mtu pale ukumbini mwanzoni mwa mwaka 2013. Aliinuka kwenye kochi akaja kusimama kando ya piano.

"Unawapiga wanaopita," alisema kwa Kiingereza.

Arnold alidhani analaumiwa. "Samahani, madam."

"Samahani ya nini? Yule wa kitoroli nimemwona kabla sijageuka."

Aliitwa Daktari Rima, na alikuwa akifundisha historia ya sinema. Alieleza kwamba anaandaa maonyesho ya sinema bubu, zile za zamani kabla picha hazijapewa sauti. Alikuwa na ukumbi mdogo wa utamaduni karibu na Corniche, ile barabara ya ufukweni, alikuwa na projekta, alikuwa na piano ya kuazima, ila hakuwa na mtu wa kuipiga. Enzi hizo, alisema, kila ukumbi ulikuwa na mpiga piano aliyetazama picha na kuifuata kwa vidole, kwa sababu bila yeye watazamaji wangesikia viti vikilia na watu wakikohoa. Sinema alizochagua zilikuwa nne, zote za mapenzi, zote zikisimulia maisha ya miji ya machimbo ya dhahabu huko Marekani ya kale.

"Zitachekwa," alisema. "Wanawake wanazimia, wanaume wanajipiga kifuani. Lakini watu wa wakati ule walizililia. Nataka nione kama bado zinaweza kumliza mtu."

Maonyesho yangekuwa Jumamosi mchana, kabla ya zamu ya Arnold. Meneja hakukataa.

Arnold alizitazama sinema hizo kwenye kompyuta yake, amekaa kitandani. Alitarajia mambo ya kigeni kabisa, akashangaa kukuta vitu anavyovijua. Alikulia Rosterman, nje kidogo ya mji wa Kakamega, mahali ambapo mgodi wa wakoloni ulifungwa zamani na watu wakabaki wakichimba wenyewe. Alikuwa amewaona kina mama wameinama mtoni wakitikisa karai la matope, wakimwaga maji kidogo kidogo kutafuta chembe inayong'aa chini. Sasa alimwona mwanamke wa Kizungu mwenye gauni refu amechuchumaa vilevile, na karai kama lile. Alimwona mwanamume mwenye vumbi mpaka kwenye kope akitoka shimoni na kufumba macho kwa mwanga, na akajua hasa macho hayo yanavyouma, kwa sababu mjomba wake alikuwa akitoka shimoni hivyo hivyo.

Shabani alipokuwa hana safari alitazama naye. Sinema ya nne ndiyo iliyomshughulisha zaidi. Mwanamume anamwacha mkewe mjini na kwenda milimani kutafuta dhahabu, anapotea miaka, na mwanamke anaendesha nyumba ya kulaza wachimbaji. Kuna mhunzi jirani anayemtengenezea paa, anamchanjia kuni, na hasemi kitu. Mwishoni mume anarudi, na picha inafungwa wawili hao wakiwa mlangoni.

"Na mhunzi je?" Shabani aliuliza.

"Hawakumwonyesha tena."

"Amepotea hivyo hivyo tu?"

"Sinema haimhusu."

Shabani aliwaza kidogo. "Basi wangeacha paa livuje," alisema, akageukia ukutani kulala.

Jumamosi ya kwanza walikuja watu wachache, wengi wao wanafunzi wa Daktari Rima na Wazungu waliofuata tangazo. Arnold alikuwa na woga, akapiga kupita kiasi. Tajiri mwovu mwenye masharubu alipoingia kwenye picha, Arnold alimtingishia mkono wa kushoto kama radi. Msichana alipolia, alimlilia kwenye sauti za juu kabisa. Watu wakacheka. Walicheka mpaka mahali ambapo msichana anaanguka magotini kwenye theluji, na Arnold alihisi uso wake ukiwaka gizani, kama vile yeye ndiye aliyeanguka.

"Waache wacheke," Daktari Rima alimwambia baadaye. "Ila usiwasaidie kucheka."

Jumamosi ya pili alipunguza. Sinema ilikuwa ya mwanamke anayemsubiri mchumba wake kipupwe kizima, amesimama dirishani, mkono kifuani. Arnold alimpigia wimbo mtamu wa kutetemeka. Watu walicheka tena, kidogo kuliko mara ya kwanza. Taa zilipowashwa aliona kwamba kwenye safu ya nyuma kulikuwa na mwanamke Mwafrika peke yake, amevaa sare ya kijani ya wafanyakazi wa nyumbani na sweta juu yake. Watu walipokuwa wanatoka, yeye alishuka kuelekea kwenye piano.

"Wewe ni wa kwetu," alisema kwa Kiswahili.

"Kwetu wapi, dada?"

"Kenya. Nimejua kwa vile umekunja mikono ya shati. Mimi ni Milka. Milka Nyanchama, wa Nyamira."

Arnold alijitambulisha. Alikuwa hajazungumza Kiswahili cha nyumbani na mwanamke tangu Cheryl aondoke. Milka alieleza kwamba alifanya kazi kwa familia moja kwenye ghorofa za The Pearl, mtaa wa matajiri. Jumamosi familia ilikwenda kula kwa bibi yao, dereva akamshusha Corniche mpaka jioni. Siku hiyo jua lilikuwa kali, akaona mlango uko wazi na ndani kuna baridi, na hakuna aliyemuuliza tiketi.

"Na umeipendaje sinema?"

"Sinema ni sawa. Wewe ndiye umekosea."

Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba kola yake imekunjika vibaya.

"Nimekosea wapi?"

"Pale dirishani. Umempigia kama mtu anayesikia raha kusubiri. Mtu anayesubiri hasimami dirishani, Arnold. Hiyo ni siku ya kwanza na ya pili. Baadaye anaosha vyombo. Anafua, anapika, anakwenda sokoni, na kusubiri kuko ndani ya hiyo kazi. Hata yeye mwenyewe anasahau kama anasubiri. Halafu mbwa anabweka, anajikuta ameacha sufuria na kusimama."

Arnold alimuuliza kama angekuja Jumamosi inayofuata. Milka alisema bibi yao akiwa hai, atakuja.

Wiki nzima Arnold aliyafikiria maneno hayo. Pale hotelini, mbele ya wageni wasiosikiliza, alitafuta muziki wa mtu anayeosha vyombo. Alipata kitu kidogo cha mkono wa kushoto, noti chache zinazozunguka na kurudi, hazifurahi wala hazihuzuniki, na mkono wa kulia ukabaki bila kazi isipokuwa mara moja moja. Jumamosi ya tatu, mwanamke wa sinema ya siku hiyo alipoachwa mjini, Arnold alianza kuzizungusha noti hizo. Hakutetemesha chochote. Mwanamke akasimama dirishani, noti zikaendelea. Akakaa, akainuka, akawasha taa, noti zikaendelea. Kisha akageuza kichwa ghafla kwa kitu alichokisikia nje, na Arnold akaacha kupiga kwa muda wa pumzi moja tu, kabla ya kuendelea.

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja upande wa kulia alipenga kamasi. Daktari Rima alikuwa amesimama karibu na projekta, mikono imekunjwa, hatikisiki.

Baada ya hapo Arnold na Milka walikwenda kunywa karak, chai nzito ya maziwa na iliki, kwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa duka la matairi. Walikunywa wakiwa wamesimama kivulini. Arnold alimuuliza alijuaje mambo yale ya kusubiri.

"Nina mume," Milka alisema. "Anaitwa Cornelius. Alikwenda machimbo ya dhahabu huko Migori. Mwanzo alikuwa anapiga simu. Baadaye anatuma salamu na watu. Baadaye hata watu hawakuja. Nilikwenda kumtafuta mara mbili. Mashimo ni mengi, Arnold. Mtu anakwambia alikuwa shimo hili, mwingine anakwambia alihama. Mwingine anacheka tu. Nikarudi, nikawaacha watoto kwa mama yangu, nikaja huku."

"Unadhani yuko hai?"

"Siku zingine. Siku zingine nadhani amefukiwa. Siku zingine nadhani ana mwanamke na duka, na tumbo limemtoka." Alikunywa chai. "Hiyo ya tumbo ndiyo inaniudhi."

Arnold alicheka, na Milka akacheka, na dereva aliyekuwa akingojea chai yake akageuka kuwatazama. Arnold naye akamsimulia habari za Cheryl na Job. Hakuwahi kumsimulia mtu. Milka hakumwonea huruma wala hakuwalaani wale wawili. Aliuliza tu kama Cheryl aliimba vizuri kweli, na Arnold akakiri kwamba aliimba vizuri kweli.

Kuanzia siku hiyo walipigiana simu, dakika chache Milka akiwa anakunja nguo na Arnold akiwa njiani kwenda kazini. Yalikuwa mazungumzo ya mambo madogo: mtoto wa mwajiri amekataa kula, mgeni amesahau meno ya bandia juu ya piano. Lakini Arnold alianza kuamka mapema. Alikwenda kunyoa kabla nywele hazijawa ndefu. Alipiga hesabu kichwani ya maneno atakayomwambia baada ya sinema ya nne, akayabadilisha, akayarudisha yale ya kwanza. Angemwambia kwamba mtu hawezi kufungwa na shimo la Migori maisha yake yote. Halafu angenyamaza, amsikilize.

Siku mbili kabla ya Jumamosi hiyo Milka alipiga simu asubuhi, wakati usio wa kawaida yake.

"Cornelius amerudi," alisema.

Arnold alikuwa kituo cha basi, barabara ina kelele za malori. Alimwomba arudie.

"Amefika kwa mama yangu. Shimo lilimwangukia mguu, zamani, sijui lini. Akakatwa hospitali ya mbali. Anasema aliona aibu kurudi bila mguu na bila dhahabu. Amekuwa akishona viatu huko huko machimboni. Mama anasema amekonda, anakohoa. Watoto wamemkimbia, hawamjui."

"Na wewe unasemaje?"

"Sijui. Mama alimpa simu aongee na mimi, nikakata. Mimi nilijitayarisha kwa maiti, au kwa yule wa tumbo. Huyu sikumtayarishia kitu." Lori likapita likipiga honi. "Bosi wangu amesema nikitaka kwenda nyumbani ananiruhusu, mkataba uko karibu kuisha. Nikitaka kubaki, ananiongezea. Wewe ungefanya nini?"

Arnold alitazama basi lake likija na kuondoka.

"Njoo Jumamosi," ndivyo alivyosema mwishowe. "Utazame sinema."

"Ni ya nini hiyo?"

"Mwanamume anarudi," alisema.

Jumamosi ukumbi ulijaa kuliko siku zote. Waliokuja mara ya tatu walikuwa wameleta wenzao. Milka hakukaa nyuma. Alikaa safu ya mbele upande wa piano, akiwa na mkoba mapajani. Arnold alimwona vizuri kwa mwanga wa skrini. Alikuwa amelala vibaya, macho yamevimba.

Kwa saa nzima alipiga bila shida. Mume akaondoka na punda wake. Mke akafungua nyumba ya wageni, akapika, akatandika, akazeeka kidogo kidogo. Mhunzi akaja na ngazi yake. Arnold alimpigia mhunzi kitu kizuri kuliko alichopangiwa, akakirefusha mpaka mhunzi akawa ameshatoka kwenye picha.

Ndipo maandishi yakatokea kwamba miaka imepita, na mwisho wa barabara ya mji akaonekana mtu anakuja kwa miguu, mbali, amejikunja.

Arnold alijua jambo ambalo hakuna mwingine mle ndani aliyelijua, ila labda Daktari Rima peke yake. Picha ile haikusema chochote kuhusu mtu yule. Ilimwonyesha tu anatembea. Mkono wa kushoto wa mpiga piano ndio ungeamua kama ni mume anayerejea au mwizi anayekuja kuvunja nyumba. Na Arnold akautuma mkono wa kushoto chini kabisa. Akatoa sauti nzito, za polepole, zenye sumu. Mara moja akasikia ukumbi ukibadilika. Watu walijikaza vitini. Msichana mmoja nyuma alinong'ona kwa Kiarabu, na sauti yake ilikuwa ya kumwonya mwanamke wa kwenye picha. Mtu yule akazidi kusogea, na kila hatua yake Arnold aliifanya iwe mbaya zaidi. Ilikuwa rahisi ajabu. Mke akafungua mlango, akashika mwimo kwa mkono mmoja, na kwa muziki ule ilionekana wazi kwamba anaogopa.

Milka alikuwa ameukumbatia mkoba. Hakuwa akitazama skrini tena. Alikuwa akimtazama Arnold.

Kisha picha ikamleta mwanamume yule karibu, uso mzima. Arnold alikuwa ameiona sura hiyo mara nyingi kwenye kompyuta, lakini ilikuwa ndogo kama kiganja. Hapa ilijaa ukuta. Alikuwa na kofia mkononi. Midomo ilikuwa imepasuka kwa jua, na macho hayakumtazama mkewe. Yalitazama viatu vyake mwenyewe, kana kwamba anaona haya kwa jinsi vilivyochakaa. Mtu aliyeigiza sehemu hiyo alikuwa amekufa miaka mingi. Labda aliambiwa tu asimame hapo na ainamishe kichwa. Lakini alikuwa amechoka kweli, na Arnold alizijua nyuso za watu waliochoka kweli.

Mkono wake wa kushoto ukapungua nguvu. Aliuinua kutoka kule chini, akauleta katikati ya piano, akaanza kupiga kitu kisicho na jina, polepole, noti moja na nyingine, kama mtu anayejaribu kusema na hajui aanzie wapi. Hakumfanya mwanamume yule awe mzuri. Alimfanya awe mtu. Kwenye skrini mke alisimama mlangoni muda mrefu, kisha akajisogeza pembeni kidogo, nafasi ya mtu mmoja kupita. Hapo sinema ikaisha.

Watu walipiga makofi, na wengine walisimama. Daktari Rima alikuja akamshika Arnold bega, akakuta shati limelowa jasho, akamwacha.

Milka alimsubiri nje, kwenye kivuli chembamba cha ukuta.

"Ulianza vibaya pale mwisho," alisema. "Halafu ukabadilisha."

"Mkono uliteleza."

"Haukuteleza, Arnold."

Magari yalipita. Ng'ambo ya barabara bahari ilikuwa nyeupe kwa jua, haitazamiki.

"Ulikuwa na kitu cha kuniambia leo," Milka alisema. "Nimekijua tangu wiki iliyopita."

"Nilikuwa nacho."

"Usiniambie."

Arnold aliitikia kwa kichwa. Alitaka kumuuliza kama amekata shauri, lakini Milka mwenyewe akaendelea. Alisema hajamsamehe Cornelius na hajui kama atamsamehe. Alisema anakwenda kwa sababu watoto wamemkimbia baba yao, na hakuna mtu pale wa kuwaambia huyu ni nani. "Mengine nitayaona huko," alisema. Kisha akampa mkono, akaushika wake kwa mikono yake miwili kama watu wa kwao wanavyomuaga ndugu, na gari la mwajiri likaja.

Aliondoka mwezi Mei. Arnold hakwenda uwanja wa ndege. Alikuwa na zamu, na hata kama asingekuwa nayo, angesimama pale kama nani.

Daktari Rima aliahidi kwamba wangerudia maonyesho msimu wa baridi, akaenda Beirut kwa likizo. Joto likapanda. Arnold alirudi kwenye ukumbi wa mapokezi, akapiga nyimbo za kila siku. Mchezo wa kuwafuata wapita njia aliuacha. Kila alipoujaribu, mtu aliyekuja kwenye vidole vyake alikuwa mwanamke mwenye sweta juu ya sare ya kijani. Simu yake ilikuwa na namba ya Milka ya Qatar, ambayo sasa haikuita. Wakati mwingine alifungua tu jina hilo na kulifunga.

Ramadhani ilipoingia, mwezi wa Julai, muziki ulisimamishwa hotelini kama ilivyo desturi. Piano ilifunikwa kitambaa. Meneja alimpa Arnold likizo ya mwezi, na Arnold hakuwa na pa kwenda. Mchana alilala chumbani peke yake, pazia limefungwa, akisikiliza mashine ya baridi ikiunguruma. Kulikuwa na siku alizojaribu sauti yake mwenyewe kwa kusema jina lake, ili tu chumba kisikie mtu.

Alasiri moja namba ya Kenya ikapiga.

"Ni Milka," sauti ilisema. "Unakula?"

"Nakula. Wewe je?"

Alisimulia polepole, kuku wakilia nyuma yake. Cornelius alikuwa akilala kwenye chumba cha kando, kile cha jikoni. Milka hajamkaribisha kwake na hajui kama atamkaribisha. Kikohozi chake ni cha vumbi la shimoni, na daktari amesema hakitapona. Mtoto mkubwa bado hamsemeshi. Yule mdogo amezoea kukaa karibu naye akimtazama anavyoshona viatu. Watu wa kijiji huja kumtazama Milka wakitarajia aidha kilio au sherehe, na yeye huwapa chai.

"Siku zingine najuta kurudi," alisema. "Nakwambia ukweli. Naamka nikiwa na hasira mpaka mchana. Halafu anakohoa, naenda kumpelekea maji."

"Na siku zingine?"

"Siku zingine sijuti." Kiti kikasikika kikivutwa. "Sitakupigia tena, Arnold. Sio kwa ubaya. Nikikupigia, akili yangu inabaki huko."

"Naelewa."

"Nilitaka ujue tu imekuwaje. Wewe ulikuwepo."

Kwenye simu zikabaki sauti za kuku upande mmoja, na za mashine ya baridi upande wa pili. Kisha simu ikakatika, na Arnold hakujua kama ni Milka aliyeikata au ni mtandao.

Alikaa kitandani mpaka mwanga nyuma ya pazia ukaanza kuwa mwekundu. Alilia kidogo, bila sauti, akanawa uso. Shabani alifungua mlango, kanzu imekunjika kwa kukaa garini.

"Bado umejifungia?" alisema. "Twende. Kuna hema la futari pale nyuma ya msikiti, wanalisha kila mtu."

"Mimi sifungi, Shabani. Mimi Mkristo."

"Tumbo lako nalo ni la Kikristo? Twende kaka, adhana imekaribia."

Walikwenda kwa miguu. Ndani ya hema mamia ya wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka mirefu, Wabangali, Wanepali, Wasudani, Wamisri, kila mmoja ametazama sahani yake. Arnold aliketi kati ya Shabani na mzee mmoja asiyemjua, mwenye rangi ya ukutani chini ya kucha. Adhana ikalia. Mzee akachukua tende kwenye sinia, akampa Arnold moja kabla ya kula yake, na hakusema kitu kwa sababu hawakuwa na lugha moja. Shabani akamsogezea wali na mbuzi.

"Kula," alisema.

Arnold akala.